Usiku wa Mbalamwezi Hatuvui

Mwaka jana niliapa kuandika kila siku. Nilikuwa nimetazama video ya mmoja wa wale watu wa hamasa wanaojirekodi wakiwa ndani ya gari lililoegeshwa, akasema mwandishi wa kweli anaamka saa kumi alfajiri na kumaliza maneno elfu moja kabla jogoo hajawika. (Jogoo wa huku kwetu Kirumba, Mwanza, wanaanza saa nane, lakini tusimbane kwa hilo.) Nikanunua kauntabuku la kwaya tatu, nikatega simu, nikamwambia mke wangu asishtuke akiona taa inawaka usiku.

Nilifika siku ya kumi na tisa.

Siku tano za kwanza zilikuwa tamu, nakiri. Nilikuwa na mambo yamenijaa kichwani tangu siku nyingi, yakawa yanatoka yenyewe. Kufika siku ya kumi na moja nilikuwa nakwangua sufuria. Siku ya kumi na sita niliandika makala nzima kuhusu faida za kunywa maji ya moto asubuhi, na mimi asubuhi nakunywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Siku ya kumi na nane niliandika jinsi ya kuandika kila siku. Siku ya kumi na tisa nilikaa saa nzima natazama bei za pikipiki zilizotumika, nikafunga kompyuta, na sikuifungua tena kwa kazi ya maana kwa miezi miwili.

Hiyo miezi miwili ndiyo iliyoniuma. Makala ya maji ya moto nimeshajisamehe.

Aliyenitoa huko ni mjomba wangu, na hakuwa na nia hiyo. Ana mitumbwi miwili ya dagaa, na mimi nilikwenda kwake jioni moja kwa shida zangu za fedha. Nilitegemea nimkute anahangaika na mafuta na taa, maana saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya heka heka pale mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mitumbwi imevutwa mchangani. Vijana wawili wametandaza wavu wanashona matundu, mmoja ameshika uzi kwa meno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vuta kigoda hicho."

"Leo hamwingii ziwani?"

Hakuinua macho kwenye drafti. Alinyoosha kidevu tu upande wa milimani, ambako mwezi ulikuwa umechomoza mkubwa kama sinia la pilau.

"Na huo utauzima wewe?"

Kwa msomaji asiye wa kanda hii: dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Unaziweka zinaelea juu ya maji, unasubiri, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, kisha unawazungushia wavu. Sasa taa yako ina nguvu pale tu ambapo kila kitu kingine ni giza. Mwezi ukiwa mpevu unachomoza jua linapozama na unakaa angani mpaka asubuhi, ziwa zima linakuwa taa moja, na dagaa hawana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo wavuvi wanahesabu mwezi. Siku za giza wanaingia kila usiku hali ya hewa ikiruhusu, wanalala mchana kama popo, na huwezi kuzungumza nao jambo la maana. Siku za mbalamwezi wanabaki nchi kavu. Wapo matajiri wenye mitumbwi wanaolazimisha, na mjomba anawacheka: wanarudi na ndoo mbili na mafuta yamekwisha.

Nilikuwa nimezaliwa na kukulia kando ya jambo hili na sikuwahi kulitazama kama ratiba ya kazi. Huyu ni mtu mwenye vinywa tisa vya kulisha, na katika kila mwezi kuna usiku kadhaa mfululizo ambao hafanyi ile kazi inayompa jina. Hakuna anayemwita mvivu. Wala yeye hajioni ameachana na uvuvi, kama mimi nilivyojiona nimeachana na kuandika nilipokosa siku moja.

Ila kuna upande wa pili, na huu ndio ninaotaka watu wa "naandika nikijisikia" wausikie. Mjomba hapumziki kwa sababu amechoka. Anapumzishwa na mwezi, na mwezi huohuo ndio unaomrudisha ziwani. Giza likiingia hakuna cha hamu wala cha kichwa kinauma. Angekuwa anajipangia mwenyewe siku za kupumzika kadiri anavyojisikia, nadhani mitumbwi ile ingekuwa imeota nyasi. Mimi ile miezi miwili nilikuwa najiambia "nasubiri wazo lije". Ni uongo. Mawazo yalikuja mengi tu, yakanikuta nimelala.

Basi nikaichukua kalenda yake kama ilivyo. Nasema kama ilivyo kwa maana halisi: natazama mwezi. Rafiki yangu mmoja aliniambia ni ushirikina, akashauri nitumie programu ya simu yenye vikumbusho. Nilishakuwa nayo. Kikumbusho unakizima kwa kidole.

Mchana nauza steshenari karibu na stendi ya Nyegezi: fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, picha za paspoti. Duka nafunga saa mbili usiku. Katika majuma ya giza nikifika nyumbani nakula, naoga, nakaa mezani saa tatu hadi saa sita, kila usiku, hata umeme ukikatika, maana kauntabuku halihitaji umeme na nina taa ya sola. Sihariri. Sitafuti picha. Sifungui mtandao kabisa. Naandika vibaya na kwa haraka, na kipindi kimoja cha giza kikienda vizuri natoka na makala nne mbichi, mbaya mbaya. Mwezi unapoanza kukua na usiku kuwa mweupe, naacha kuanzisha chochote kipya. Hapo nashona wavu: nakata, nahakiki majina na miaka, napiga simu kumuuliza mtu kama kweli alisema alichosema, nawajibu wasomaji, natembelea watu, nasoma. Kusoma ndiko nilikokuwa nimekuacha kabisa katika zile siku kumi na tisa, na ndiyo maana nilifikia kwenye maji ya moto.

Wasomaji wanaona makala moja kila Jumatano, na wengi wanadhani naandika kila Jumanne.

Kuna jambo jingine la pale mwaloni ambalo kwa mwandishi nadhani ni kubwa kuliko hili la mwezi. Dagaa akishatoka majini ana saa chache. Asubuhi utawakuta akina mama wamewamwaga kwenye chanja za kuanikia, wanawageuza kwa mikono, jicho moja kwenye dagaa na jingine kwenye wingu. Siku moja mwezi wa Novemba nilikuwa pale wingu likaja kutoka ziwani, jeusi, la ghafla. Sijaona watu wazima wakikimbia vile. Maturubai yalivutwa, beseni zikapaa, mama mmoja alivua kitenge chake cha juu akafunika kona iliyobaki wazi. Mvua ilinyesha dakika ishirini. Aliyewahi aliuza dagaa wa kula. Aliyechelewa aliuza chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Usiku uleule, ziwa lilelile, taa zilezile.

Mambo unayoyaona yana tabia hiyohiyo. Unapanda Hiace ya Buhongwa, kondakta anamjibu abiria kitu ambacho ukikiandika neno kwa neno ni nusu ya makala. Unajiambia utakumbuka. Ukifika Mkuyuni unakumbuka maana tu, maneno yamepotea, na maana bila maneno yake ndiyo chakula cha kuku. Siku hizi naanika palepale. Najirekodi sauti kwenye simu, mdomo karibu kabisa, abiria wenzangu wanadhani namtumia mtu ujumbe wa mapenzi. Usiku nanakili kwenye kauntabuku kabla sijalala, iwe giza, iwe mbalamwezi. Hili ndilo jambo pekee ninalolifanya kila siku, na ni la dakika kumi.

Niseme na kosa langu, ili nisionekane nimeokoka. Juni 2025, siku chache kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa pale Kigongo na Busisi, nilivuka kwa kivuko makusudi, nikiage. Nilikaa nusu siku. Nilizungumza na dada anayeuza mayai ya kuchemsha kwa watu wa foleni ya magari. Alinieleza anavyojua gari la kununua na lisilonunua kwa kutazama kioo kimeshushwa kiasi gani. Daraja likafunguliwa tarehe 19, kilomita 3 za zege juu ya maji, nchi nzima inaliongelea, na mimi nina mayai yangu daftarini. Nikasema ngoja nitulie, hii nataka iwe nzuri. Nikaisubirisha wiki mbili. Nilipokaa kuiandika kila mtu alishaandika kuhusu daraja, hata wale wasiowahi kuvuka Kigongo maishani mwao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kulisikia. Dagaa wabichi, mvua ikawakuta.

Baadaye nikagundua jambo ambalo sikulitegemea. Katika mbalamwezi ya Agosti, siku zile za kutembelea watu, nilimkuta yule dada stendi ya Nyegezi, mita mia mbili kutoka dukani kwangu. Beseni lilelile, kachumbari ileile. Anasema stendi ni ngumu kuliko foleni ya kivuko, kwa sababu kwenye foleni mtu hana pa kwenda, na stendi kila mteja ana haraka. Mayai yake sasa anayamenya kabisa kabla, maana hakuna anayesubiri. Hiyo ndiyo niliyoiandika, na imesomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Kwa hiyo zipo makala mbichi zinazoliwa leo tu, na zipo kavu zinazokaa guniani. Ukizichanganya unaharibu zote mbili. Bado sijajua kuzitofautisha mapema, najifunza kwa hasara.

Mambo mengine ambayo watu huyataja wakizungumzia uzalishaji, kama bando, kompyuta nzuri, kiti cha kuzunguka, nayapita. Hata ada za leseni za maudhui ya mtandaoni, zilizokuja na kanuni za 2018 na kuwafanya wengi wafunge kurasa zao, zina makala yake siku nyingine. Lakini hili la idadi ya wasomaji siwezi kuliruka, kwa sababu ndilo linaloua wengi. Mtu anaandika, anaona watu kumi na wanne wamesoma, mmoja wao mama yake, anaweka kalamu chini.

Ng'ambo yetu hapa, Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896. Alimaliza kuandika riwaya yake ndefu ya Kikerewe mwaka 1945, na hakupatikana wa kuichapa kwa lugha hiyo. Akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka kitabu mwaka 1980. Yeye akafariki 1981. Miaka 35 kati ya nukta ya mwisho na kiwanda cha uchapaji, na katikati yake akarudia kazi yote upya katika lugha nyingine. Simtaji ili mtu ajione mdogo, maana hata mimi nikimfikiria usiku napata kizunguzungu. Ninachokitaka kwake ni kimoja tu: zile kurasa aliziandika bila kujua kama kuna atakayezisoma, na ukizisoma huoni popote kwamba alikuwa na haraka ya kupendwa. Ameandika jinsi watu wanavyotengeneza pombe, wanavyotafuta dawa, wanavyosalimiana, taratibu, kama mtu anayeshona wavu.

Tangu nianze mwendo huu wa mwezi nimepita vipindi kumi vya giza. Viwili vilinishinda kabisa, kimoja kwa malaria ya mtoto, kingine kwa uvivu usio na jina jingine. Mjomba nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema hata yeye kuna giza anaingia siku zote na kurudi mtumbwi mtupu, na hilo halimfanyi abadilishe mwezi. Kisha akaniuliza ile fedha nitarudisha lini.

Leo ni usiku wa tatu wa giza. Kutoka dirisha la jikoni taa za mitumbwi zimejipanga kule mbali mpaka unaweza kudhani kuna mji mwingine ng'ambo. Nimezihesabu ishirini na sita. Saa tatu imepita kwa dakika nane, na hii niliyoiandika hapa ilipaswa kuwa imekwisha jana, maana ya leo ni ya kondakta.