Mfalme wa Lyncestis aliyeomba msuluhishi

Mwaka 424 KK, Perdiccas II, mfalme wa Makedonia, alikuwa akilipia nusu ya posho ya jeshi la Brasidas, jemadari wa Sparta aliyepanda kaskazini na askari 1,700 wa silaha nzito. Baada ya safari moja tu ya pamoja akaipunguza hadi theluthi. Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa zama hizo, ambaye ndiye aliyetuachia habari hii, anaitaja kwa sentensi moja na kuendelea na mambo mengine. Mimi huwa naishia hapohapo. Mtu hakati posho ya mamluki wake bila kuudhiwa, na kilichomuudhi Perdiccas ni kwamba adui yake alikubali kuzungumza.

Adui mwenyewe alikuwa Arrhabaeus mwana wa Bromerus, mfalme wa Lyncestis. Eneo hilo ni uwanda wa juu uliozingirwa na milima, na leo mpaka wa nchi mbili umelikata: Florina iko Ugiriki, Bitola iko Makedonia Kaskazini. Perdiccas alitaka limezwe. Majeshi yalipofika kwenye njia ya kuingilia milimani, Brasidas akasema ataanza kwa maneno. Arrhabaeus alikuwa amekwisha kumtumia mjumbe: yuko tayari ugomvi wake na Perdiccas uamuliwe, na mwamuzi awe Brasidas mwenyewe. Perdiccas akawaka. Hakumleta Brasidas awe mwamuzi wa ugomvi wao, alisema, alimleta awavunje maadui atakaomwonyesha. Na iweje akae na Arrhabaeus huku nusu ya jeshi inakula kwa gharama yake? Brasidas hakumsikiliza. Alikutana na Arrhabaeus, akaridhika na maneno yake, akarudisha jeshi bila kukanyaga Lyncestis. Ndipo nusu ikawa theluthi.

Tusimpake Brasidas mafuta. Wajumbe wa Chalcidice, rasi ya Wagiriki jirani na Makedonia, walikuwa wamemnong'oneza asimwondolee Perdiccas hofu zake zote, ili aendelee kuwahitaji. Sparta nayo ilitaka washirika wengi kaskazini, na mfalme wa milimani alikuwa mshirika kama mwingine. Lakini hesabu za Brasidas hazibadilishi alichokifanya Arrhabaeus. Aliyeomba shauri lisikilizwe ni yule ambaye vitabu vingi humwita mwasi, na aliyekataa ni yule anayeitwa mfalme halali.

Huo uasi unatokana na nini hasa? Thucydides huyohuyo anasema watu wa Lyncestis, wa Elimeia na wa makabila mengine ya juu ni Wamakedonia pia, washirika na raia, yaani watawaliwa, wa wale wa bondeni kwa Perdiccas, ila wana wafalme wao. Wanaoutetea utawala wa bondeni hushika neno "raia" na kuachia hapo. Lakini sentensi haikuishia hapo. Hata kwa nasaba hakuna aliyemzidi mwenzake. Ukoo wa Perdiccas ulijinasibisha na Argos, ukoo wa Arrhabaeus ukajinasibisha na Wabacchiadae, watawala wa zamani wa Korintho. Kila nyumba ilikuwa na shajara yake ya nasaba, na shajara zote mbili zilikuwa na harufu ya wino mbichi.

Picha ya watu wa juu kama wachungaji wasio na ustaarabu inategemea zaidi hotuba moja. Mwaka 324 KK, kule Opis, mji wa Mesopotamia, Alexander Mkuu anasemekana kuwaambia askari wake waliogoma kwamba baba yake, Philip II, aliwakuta wakitangatanga, wamevaa ngozi, wakichunga kondoo wachache milimani. Philip akawavika nguo, akawashusha bondeni, akawafundisha kukaa mjini. Aliyeiandika hotuba hiyo ni mwanahistoria Arrian, zaidi ya miaka 400 baadaye, na aliyedaiwa kuitoa ni mwana anayemsifu baba mbele ya watu wenye hasira. Sasa iweke kando ya vita vya mwaka 423 KK, miaka 64 kabla Philip hajashika madaraka. Perdiccas na Brasidas walirudi Lyncestis, safari hii kwa vita kweli. Upande wao kulikuwa na askari 3,000 wa Kigiriki wa silaha nzito, wapanda farasi karibu 1,000 wa Makedonia na Chalcidice, na kundi kubwa ambalo Thucydides analiita kwa neno moja tu, washenzi. Na upande wa Arrhabaeus? Wapanda farasi wakipigana uwandani, na kutoka kilimani wakateremka askari wake wa miguu, ambao Thucydides anawapa jina lilelile analowapa Wagiriki: hoplites, watu wa ngao kubwa na mkuki.

Ngao ya namna hiyo haitengenezwi na mchunga kondoo mmoja jioni mbele ya moto. Inataka mhunzi, inataka shaba, inataka mwenye mali wa kuinunua, na inataka wenzake wa kusimama naye safu moja, kwani peke yake haifai kitu. Ukiona safu ya ngao umeona jamii iliyopangika. Mfalme wa bondeni, anayesemekana kuleta ustaarabu, alikuwa ameazima safu yake kwa Wagiriki. Wake mwenyewe walikuwa farasi na umati. Kweli, watu wa Lyncestis walishindwa siku ile, wengi wakauawa na waliosalia wakakimbilia vilimani. Lakini walishindwa wakiwa jeshi.

Kilichofuata ni kichekesho cha aina yake. Washindi walikaa siku mbili tatu wakiwasubiri mamluki wa Iliria ambao Perdiccas alikuwa amewakodi. Habari ikaja kwamba Wailiria wamegeuka, wako na Arrhabaeus. Usiku hofu ikawaingia Wamakedonia, wakatimka kuelekea kwao, na Perdiccas akalazimika kuwafuata bila hata kuagana na mwenzake, aliyekuwa amepiga kambi mbali. Kulipokucha Brasidas alijikuta peke yake. Akawapanga watu wake mraba, akabaki nyuma na vijana 300 waliochaguliwa, akatoka hivyo mpaka Arnisa, katika nchi ya Perdiccas. Njiani askari wake walikuta magari ya ng'ombe yaliyotelekezwa na Wamakedonia, wakawafungua ng'ombe na kuwachinja, na mizigo iliyodondoka wakaichukua. Tangu hapo Perdiccas akamwona Brasidas adui, akageukia Athens, adui wa Sparta.

Sasa upande wa pili, nao una nguvu yake, nguvu iliyo katika habari hiyohiyo. Nani alimwokoa Arrhabaeus? Wailiria. Mfalme mdogo aliyebanwa na jirani wa mashariki anamfungulia mlango jirani wa magharibi, na mlango huo ukishafunguliwa haufungwi kwa urahisi. Mwaka 359 KK Wailiria wa mfalme Bardylis walimuua Perdiccas III vitani pamoja na watu 4,000, na miji ya Makedonia ya juu ikawa mikononi mwao. Wafalme wa milimani hawakuweza kuzuia hilo. Philip II, ndugu wa marehemu, aliliweza. Mwaka 358 KK alipanda na askari wa miguu 10,000 na farasi 600. Bardylis akaomba amani, kila mtu abaki na alichonacho. Philip akakataa mpaka miji yote irudishwe. Mwanahistoria Diodorus anasema Wailiria zaidi ya 7,000 walianguka. Baadaye Lyncestis ikapata mji wa Heraclea ulioanzishwa na Philip, ambao magofu yake yako karibu na Bitola. Kwa mkulima wa uwanda ule, aliyekuwa akihesabu ng'ombe kila msimu wa mashambulizi, huenda mfalme mmoja mwenye nguvu alikuwa bora kuliko mfalme wake mwenyewe asiyeweza kumlinda. Siwezi kuipuuza hoja hiyo.

Ninachokikataa ni kuirudisha nyuma miaka 65, kana kwamba Perdiccas II naye alikuwa akimlinda mtu. Yeye hakuwazuia Wailiria. Yeye ndiye aliyewaita.

Tena nyumba ya Arrhabaeus haikufutwa na Philip, ilikuwa ndani ya damu yake. Mama yake, Eurydice binti Sirras, alikuwa mjukuu wa Arrhabaeus kwa upande wa mama. Philip, basi, ni kitukuu cha yule "mwasi", na Alexander ni kilembwe chake. Hotuba ya Opis, kama kweli ilitolewa, ilikuwa ya mtu anayewasimanga wajomba wa baba yake.

Tawi jingine la wakuu wa Lyncestis halikubahatika. Philip alipouawa mwaka 336 KK, muuaji alikuwa Pausanias wa Orestis, nchi jirani ya milimani. Hata hivyo waliouawa kwa tuhuma za kula njama walikuwa wana wawili wa Aeropus wa Lyncestis, Heromenes na Arrhabaeus mwingine. Ndugu yao wa tatu, aliyeitwa pia Alexander, aliponea chupuchupu kwa kuwa wa kwanza kumsalimu Alexander Mkuu kama mfalme. Alikuwa pia mkwe wa Antipater, jemadari mwenye nguvu, jambo ambalo halikumdhuru. Akapewa wapanda farasi wa Thessalia. Kisha ikasemekana Dario, mfalme wa Uajemi, amemwahidi ufalme na talanta 1,000 za dhahabu akimuua bwana wake. Ushahidi ulikuwa maneno ya Mwajemi mmoja aliyekamatwa, na mbayuwayu aliyemzunguka Alexander Mkuu usingizini akilia, ambaye mpiga ramli alimtafsiri kuwa onyo la njama ya rafiki.

Alifungwa miaka mitatu bila shauri lake kusikilizwa. Mwaka 330 KK, Philotas, kamanda wa wapanda farasi aliyetuhumiwa njama, alipokwisha kuuawa, ndipo akaletwa mbele ya jeshi na kuambiwa ajitetee. Kwa masimulizi ya Curtius, mwanahistoria wa Kirumi, alikuwa na muda wote huo wa kutunga utetezi wake, lakini alisema maneno machache, akatetemeka, na mengine yakamtoka kichwani. Waliosimama karibu walimchoma mikuki akiwa bado anayatafuta.