Anajua, ila akisimama kwenye semina ananyamaza

Jioni moja, kwenye vimbweta vya chuoni, kijana wa mwaka wa pili alikuwa akiwaeleza wenzake kwa nini mahindi hupanda bei mwanzoni mwa mwaka. Mkulima huuza mapema kwa sababu ana madeni ya mbolea na ada za watoto. Mwenye ghala hununua, hufungia, husubiri. Wenzake walimbana kwa maswali, akajibu yote. Kesho yake kwenye semina alisoma slaidi zake neno kwa neno. Mimi mhadhiri wake nilipomuuliza jambo lilelile kwa Kiingereza, alitafuta neno la "ghala", akalikosa, akachanganya nyakati za vitenzi. Nyuma wakacheka. Akakaa. Kicheko kile kiliniuma kuliko kosa lenyewe.

Wanaotaka Kiswahili kitumike kufundishia hadi chuo kikuu wana hoja nzito. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania kwa kawaida husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Akifika kidato cha kwanza, baiolojia, historia na hesabu zote zinageuka Kiingereza, naye anaanza kukariri asichokielewa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuchunguza elimu, ilipendekeza sekondari zihamie Kiswahili, serikali haikukubali. Na anayedai lugha yetu haibebi taaluma akumbuke kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Upande wa pili husema vitabu na majarida mengi ni ya Kiingereza, na usaili wa kazi vilevile. Hilo ni kweli, ila kinachonizuia mimi kuunga mkono mabadiliko ya ghafla ni kingine: mwenye pesa ataendelea kumpeleka mwanawe shule ya mchepuo wa Kiingereza, sera iseme itakavyo. Atakayebaki bila lugha hiyo ni mtoto wa yule muuza mahindi.

Lakini katika mabishano haya sisikii nani atamfundisha huyu kijana kuzungumza. Somo la stadi za mawasiliano hufundishwa kwenye ukumbi wa mamia ya watu. Mwanafunzi huandika notsi kuhusu kuzungumza, kisha hufanya mtihani wa kuandika. Wengine walikotoka walivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Aliyefunzwa hivyo hufika chuoni ameshajua kuwa kukosea ni aibu.

Siku hizi naacha vikundi vijadiliane kwa Kiswahili dakika kumi, ndipo waje kueleza kwa Kiingereza. Hakuna kumkatiza mtu wala kumcheka. Masahihisho ni baada ya kumaliza. Muda unaliwa, na wahadhiri wenzangu wanaolalamika kuwa mada hazitaisha wana haki. Wiki ya tatu kijana yule alisimama tena. Neno la ghala bado hakuwa nalo. Akasema, kwa Kiingereza chake, "nyumba ya mahindi", akaendelea hadi mwisho.