Bweni limempa lugha, nyumbani nani anaijua?

Mtoto kiziwi anaporudi kwao likizo ya Desemba, mama anajua alama ya kula, ya kulala na ya kuoga. Baba ananyoosha kidole tu. Mtoto amekuja na habari za rafiki aliyevunjika mkono na za mwalimu mpya, lakini hana wa kumsimulia. Anazihifadhi mpaka shule ifunguliwe.

Wanaotaka shule za bweni za viziwi zifungwe huanzia hapo. Mtoto asome shule ya jirani, wanasema, alale kwao, alelewe na ndugu zake. Nawaelewa. Mzazi aliyempeleka mtoto wa miaka saba mbali na nyumbani, tena mtoto asiyeweza hata kupiga simu kueleza kinachomsibu, hahitaji kufundishwa maana ya uchungu.

Ila shule ya jirani ina nini? Mwalimu anaongea huku amegeukia ubao, mkalimani hakuna, na pengine kata nzima ina mtoto kiziwi mmoja. Lugha haikui kwa mtu mmoja. Shule ya viziwi ya Tabora ilipoanza mwaka 1963, na ya Buguruni mwaka 1974, watoto waliokuwa wametawanyika walikutana. Mkutano wa walimu wa viziwi wa Milan, mwaka 1880, ulikuwa umeamua viziwi wafundishwe kutamka badala ya kutumia alama, na fikra hiyo ilisafiri mbali. Lakini mwalimu hawezi kulinda mikono usiku kucha. Viziwi wengi watu wazima watakwambia lugha yao waliipata bwenini, si darasani.

Kwa hiyo mimi sifungi bweni. Ninachoona ni kwamba ubishi huu unaanza mtoto akiwa ameshachelewa. Mtoto wa wazazi viziwi huanza kutumia alama akiwa na umri ule ule ambao wengine huanza kusema “mama”. Lakini watoto viziwi walio wengi, zaidi ya tisa katika kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao hufika darasa la kwanza bila lugha yoyote. Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu ulianza Muhimbili mwaka 2017, na ni faraja kwa wanaoupata. Anayeusubiri naye anahitaji kuzungumza leo.

Basi wazazi wafundishwe alama. Ni rahisi kusema. Mama anayeuza mboga hawezi kuacha genge kila Jumamosi, na kwetu mtoto halelewi na mama peke yake: kuna bibi, shangazi, binamu wa chumba cha pili. Mwalimu kiziwi angekuwa anapita nyumbani kwao kabla mtoto hajafika umri wa shule, wote wangejifunza pamoja. Halmashauri ndiyo ingepaswa kumlipa, na hapo ndipo mazungumzo hukwamia.

Wakati tunasubiri, shule zinaweza kuitumia siku ya kufunga. Mzazi ameshalipa nauli kumfuata mwanawe. Abakizwe siku mbili, afundishwe na watoto wenyewe. Siku mbili hazimpi mtu lugha. Zinatosha kumuuliza mwanawe yule rafiki aliyevunjika mkono anaendeleaje.