Akiba Isiyowahi Kuingia Uwanjani

Jengo tulilopanga ofisi, pale Kijitonyama, lilikuwa na mlinzi mmoja mtu mzima mwenye desturi iliyotukera wote. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, umeme upo, jua linachoma, yeye anazunguka nyuma ya jengo na kuwasha jenereta. Haishii kuliwasha. Likishatulia anavuta ile swichi kubwa, anautoa umeme wa TANESCO na kuliingiza jenereta, lifti inakwama kidogo, watu wanapiga kelele, na yeye anarudi kwenye kiti chake cha plastiki kulisikiliza kwa nusu saa huku akinywa chai.

Siku niliyokwama mimi kwenye lifti nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Kwani umeme si upo?"

"Marahaba, mwanangu. Upo. Ila hili lina maringo, ukiliacha mwezi linagoma. Bora ligome leo wewe unanigombeza hivi."

Nikacheka, nikapanda juu. Ghorofa ya tatu, juu kabisa ya jenereta lile, mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kanzidata, yaani ghala la data za mfumo, na nilikuwa na akiba yangu mwenyewe ambayo sijawahi kuiwasha hata mara moja.

Kampuni ilikuwa ikiendesha mfumo wa akaunti za SACCOS kadhaa. Seva kuu Dar, seva ya akiba Dodoma, zote zikiendesha programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL. Kwa asiyeijua kazi hii: kila badiliko, mtu akiweka hela au akirejesha mkopo, huandikwa kwanza kwenye daftari la mabadiliko kabla halijatua kwenye majedwali yenyewe. Kanzidata ya akiba inatumiwa kurasa za daftari hilo na kuyarudia mabadiliko yale yale kwa mpangilio ule ule. PostgreSQL imeweza kuzituma kwa mkondo tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na tangu hapo unaweza hata kusoma ripoti kwenye akiba wakati inaendelea kupokea. Watu wa Oracle, programu nyingine ya kanzidata, wana Data Guard kwa kazi hiyo hiyo, jina lililoingia na toleo la 9i mwaka 2001. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakizibeba faili hizo kwa skripti zao za mkono. Wazo ni lile lile.

Kwenye skrini yangu kulikuwa na mstari wa kijani uliosema akiba iko nyuma kwa chini ya sekunde moja. Niliupenda mstari ule. Bosi akipita namwonyesha. Wakaguzi walipokuja niliwaonyesha nao, wakaweka alama ya vema, wakaenda kula.

Ikafika Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia, wanachama wanatoa hela kwa simu. Saa moja na robo usiku kidhibiti cha diski cha seva kuu kikafa, na diski zote zikapotea kwa mpigo. Mikono ikatetemeka kidogo, kisha nikaandika amri moja Dodoma ya kuipandisha akiba iwe kuu. Haikuchukua dakika mbili. Nikalinganisha muamala wa mwisho na logi za programu: upo. Nikampigia bosi, "Tumehamia Dodoma, hakuna kilichopotea." Nilijisikia kama kipa aliyepangua penalti.

Dakika tano baadaye ikaingia simu ya meneja wa tawi. "Kaka, mbona huku bado kumekufa?"

Programu ilikuwa imeandikiwa anwani ya seva ya Dar sehemu tatu. Mbili nilizijua. Ya tatu ilikuwa imejificha ndani ya huduma ya ripoti iliyoandikwa na kijana aliyeshaacha kazi. Tuliipata saa nne usiku. Kazi za usiku, zile za kukokotoa riba na kutuma SMS, zilikuwa zimepangwa kwenye mashine ya Dar yenyewe, nje ya kanzidata, kwa hiyo daftari la mabadiliko halikuwahi kuzijua wala kuzipeleka popote. Hayo yote ningeyavumilia. Kilichotumaliza ni kampuni ya simu. Mitambo yao ilikubali maombi yetu kutoka anwani moja tu ya intaneti, ile ya Dar, na kuongeza ya Dodoma kulitaka barua rasmi yenye nembo, sahihi na muhuri. Ilikuwa saa tano usiku. Muhuri uko kwenye droo ya katibu muhtasi, ufunguo wa droo uko kwenye mkoba wake, na mkoba uko msibani Morogoro.

Kutoa hela kwa simu kulirudi Jumamosi saa nane mchana. Kanzidata ililala dakika mbili. Wanachama walikaa karibu saa kumi na tisa bila hela zao. Na katikati ya hayo, saa tatu asubuhi, sijalala, macho mekundu, nikalisikia jenereta likiwashwa kule chini.

Mstari wa kijani haukuwa umenidanganya. Kurasa zilikuwa zinafika kweli, na hicho tu ndicho ulichokuwa ukipima. Swali la kama kazi inaweza kufanyika upande wa pili hakuna aliyeliuliza, mimi wa kwanza. Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao unaniponza kwenye vikao: kama hujawahi kuendesha kazi halisi juu ya nakala yako ya akiba kwa siku kadhaa, na wateja halisi, basi huna akiba. Una mashine ya pili unayoilipia umeme. Kipa wa akiba hata akifanya mazoezi kila asubuhi, mabeki wasipowahi kucheza naye watampigia pasi za nyuma zisizoeleweka.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ilibaki gizani kwa sababu jenereta lake halikuwaka. Jenereta lilikuwepo. Waziri akaomba radhi hadharani, na mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka mzee wetu na kiti chake cha plastiki.

Na si kwamba wakubwa wa kazi hii wamesalimika. Mkasa wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, ambao wenyewe waliuandika wazi bila kuficha, wasimamizi wa kanzidata tunausimuliana kama hadithi ya zimwi. Tarehe 31 Januari 2017 akiba yao ilikuwa imeachwa nyuma na seva kuu mpaka kurasa ilizozihitaji zikawa zimeshafutwa. Mhandisi akaamua kuisafisha akiba ili aijenge upya. Amri ya kufuta akaiandika kwenye dirisha la seva kuu. Alipozinduka, sekunde moja au mbili baadaye, kwenye gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Akiba ya kukimbilia haikuwepo, maana ndiyo iliyokuwa gereji. Bakapu za kila siku, zile nakala za data zinazochukuliwa na kuwekwa pembeni, zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo jingine la PostgreSQL, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Walichookoka nacho ni picha ya diski ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine saa sita kabla. Data za saa hizo sita zikaenda. Mimi niliposoma hayo niliweka rangi nyekundu kwenye madirisha yote ya seva kuu, na nikapata wasiwasi wa kuandika amri yoyote ya kufuta baada ya saa mbili usiku. Wasiwasi huo sijautibu na sitaki kuutibu.

Kuna jambo ambalo mameneja hulichanganya kila mara, nalo ni kudhani ukiwa na akiba huhitaji bakapu. Akiba ni tiifu kupita kiasi. Ukiandika amri ya kufuta ukasahau sharti, jedwali linafutika Dar, na kabla hujashika kichwa limeshafutika Dodoma. Kwa ajili hiyo nina mashine ya tatu, ndogo, inayopokea kurasa zote lakini inazishikilia kwa muda wa saa nne kwa makusudi kabla ya kuzitekeleza. PostgreSQL inaruhusu hilo tangu toleo la 9.4. Imeshaniokoa mara moja, na aliyeandika amri ile siku hiyo ndiye anayeandika makala hii. Bakapu za kawaida zinakaa mahali pengine kabisa. Moto wa kituo cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, pale Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, uliwakuta wateja ambao bakapu zao zilikuwa eneo lile lile na seva zao.

Kuhusu umbali, hapa watu hubishana sana, hasa vijana waliotoka kwenye mafunzo. "Kwa nini usifanye seva kuu isubiri mpaka akiba ithibitishe imepokea? Hutapoteza hata shilingi." Kweli. Lakini Dar na Dodoma ziko umbali wa kilomita 450 hivi, na mwanga ndani ya nyaya za fiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde nne na nusu kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Kwa mtu mmoja anayetoa elfu kumi hakuna atakachohisi. Kwa kazi ya riba inayogusa akaunti laki moja, moja baada ya nyingine, ni dakika saba na nusu za kusubiri tu. Na kuna mtego mbaya zaidi: ukiwa na akiba moja na ukaagiza seva kuu iisubiri, siku akiba ikizimika seva kuu nayo inaganda, kila muamala unabaki umening'inia. Oracle katika hali yake ya ulinzi wa juu kabisa inafika mbali zaidi, seva kuu inajizima kuliko kuendelea bila shahidi. Umenunua mashine ya pili ili usisimame, sasa ziko mbili na yoyote ikianguka unasimama. Kwa mashine mbili nilizokuwa nazo nilichagua kutosubiri. Sekunde moja ya miamala nitaijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu. Benki kubwa ina jibu lake, na ina pesa ya mashine ya tatu.

Akiba inaweza pia kuiua seva kuu kwa njia ya kijinga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja na intaneti ya ukanda wetu ikawa ya kubembeleza. Ukiwa umeweka akiba yako Ulaya siku kama hiyo, na umeiagiza seva kuu itunze kila ukurasa mpaka akiba ikiri kuupokea, seva kuu inatunza kwa uaminifu. Inatunza, inatunza, diski inajaa, inasimama. Tangu toleo la 13 la PostgreSQL unaweza kuweka kikomo cha utunzaji huo. Wekeni.

Kuhama kwenyewe kufanywe na nani, mtu au mashine? Ndani ya chumba kimoja cha seva, mashine ifanye, sina tatizo. Kati ya mji na mji nataka mtu, hata akiwa na usingizi. Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa GitHub, kampuni ya kazi ile ile ya GitLab, ulikatika kwa sekunde 43 kati ya sehemu mbili za pwani ya mashariki ya Marekani. Mfumo wao wa kuhama wenyewe ukapandisha kanzidata za pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hana, na kuyapatanisha kukawaweka kwenye huduma mbovu kwa saa 24 na dakika 11. Mtu angekuwa bado anatafuta miwani yake, na zile sekunde 43 zingekuwa zimekwisha.

Sasa niko sehemu nyingine, na sharti langu la kwanza la kukubali kazi lilikuwa kubadilishana zamu kila baada ya miezi mitatu. Jumamosi asubuhi tunatangaza, Dar inakuwa akiba, Dodoma inakuwa kuu, na tunakaa huko wiki nzima, siyo nusu saa. Wiki inakutanisha kazi za usiku, ripoti za Jumatatu, mteja anayeingia Alhamisi tu. Bosi aliniuliza swali wanalouliza wote: kwa nini uguse kitu kinachofanya kazi? Nikamwambia kuhusu muhuri wa Morogoro. Akacheka, akasaini.

Mara ya kwanza tulisimama kwa muda wa saa sita na tukaokota kasoro kumi na moja, ikiwemo cheti cha usalama kilichokuwa kimeisha muda tangu mwaka uliotangulia. Mara ya pili, saa moja na kasoro nne. Mwezi uliopita dakika tisa, na hakuna mteja aliyepiga simu, ingawa mhasibu wetu bado anaamini Dodoma "inavuta taratibu." Nilimpimia mara tatu, hakuna tofauti, hakubali.

Wiki hii tuko Dodoma. Leo Jumatano ripoti ya mikopo chechefu imetoka na kurasa mbili tupu mwishoni, kitu ambacho Dar haijawahi kufanya. Nadhani ni mpangilio wa fonti kwenye seva ya huko. Kesho asubuhi naanza nayo.