Oksijeni ipelekwe shingoni, jamani

Jumanne usiku baba mdogo alibanwa pumzi, tukampakia kwenye bajaji mbio mpaka kituo cha afya cha karibu. Ana mrija wa shingoni mwezi wa nne sasa, uvimbe wa koromeo uliziba njia ya hewa ikabidi wamtoboe chini ya koo, trakeostomi ile. Tumefika, mhudumu wala hakutuzungusha, akavuta mtungi, akafungulia oksijeni lita 10, akamvalisha barakoa puani na mdomoni. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, asilimia 79. Tunasubiri. 78.

Huyu mtu anapumulia shingoni! Juu kumezibwa na uvimbe, hewa yake inaingia na kutoka kwenye kile kitundu, kwa hiyo ile oksijeni yote ilikuwa inaishia mashavuni na mapafu hayajapata kitu.

Aliyemuokoa ni mama mdogo. Aliwapenya watu, akazungusha kile kimrija cha ndani (wa nje unabaki shingoni, cha ndani kinatoka kinaoshwa) akakichomoa. Kilikuwa na kohozi limekauka, la kahawia, gumu kama gundi ya jana, limebakiza upenyo wa njiti ya kiberiti. Baba mdogo akakohoa kwa nguvu, hewa ikapita tukaisikia, barakoa ikahamishiwa shingoni, 84, 89, 94. Nililia pale pale.

Sasa mimi nasema hivi, hakuna mgonjwa wa mrija wa shingoni anayetakiwa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla ndugu zake hawajafundishwa, na kufundishwa siyo kuambiwa "muwe mnasafisha". Pua ndiyo inayopasha hewa joto, inailowanisha na kuchuja vumbi, ukishairuka pua hewa inashuka kavu na makohozi yanaganda, ndo maana mrija unaziba. Nesi awashike mkono ndugu, wafanye wenyewe wodini: kuchomoa kimrija na kukiosha, kutumia mashine ya kunyonya makohozi bila kukaa nayo ndani zaidi ya sekunde kumi na kitu, na waondoke na mrija wa akiba, mmoja wa saizi ile ile na mwingine mdogo kidogo. Sisi tuliondoka na karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Mama mdogo alijua kwa sababu nesi mmoja wa zamu ya usiku alikaa naye kwa huruma zake tu akamwonyesha, na yule dada Mungu ambariki, ila uhai wa mtu hautakiwi kutegemea umekutana na nani zamu ya usiku.

Nikubali moja, ingawa bado nina hasira. Kumvalisha barakoa ya usoni kwenyewe hakukuwa kosa, kosa ni kuisahau shingo. Uingereza wana mwongozo wa dharura wa mwaka 2012 unaosema mgonjwa wa hivi akibanwa apewe oksijeni kote kuwili, usoni na shingoni, kwa sababu wengine bado hewa kidogo inapita juu. Sawa. Lakini shingoni isiachwe, na mrija ukaguliwe kwanza, maana ukiwa umeziba hata ufungulie mtungi wote haifiki.

Na wale wa "akishawekewa oksijeni ndo basi tena", acheni, mnawaua watu kwa woga, oksijeni ni dawa kama dawa nyingine na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Na wenye mashine ya oksijeni nyumbani, LUKU isiwakatikie usiku, ile bila umeme haitoi kitu, wekeni na mtungi pembeni. Na msivutie sigara wala kuwasha jiko chumba hicho.

Mama mdogo amekata boksi akaandika kwa maka pen ANAPUMULIA HAPA na mshale, linakaa juu ya kitanda na jingine kwenye mkoba wa kliniki.

Kinachoniuma ni hiki. Pale kituoni baba mdogo alikuwa anapeleka mkono shingoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi ndiye niliyekuwa naushika naurudisha chini nikidhani anataka kuung'oa mrija. Hawezi kutoa sauti, hewa haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Asubuhi aliomba daftari lake akaandika: "Nilikuwa nawaonyesha."