Bangili za Benin zina mikono inayozisubiri

Tangu nihamie London nimechoka kusikia kwamba vitu vya Afrika viko salama zaidi katika makumbusho ya huku kuliko kwao. Mimi ni mtu wa Lamu, na naona usalama huo unakosa jambo kubwa. Bangili za Waedo zinalionyesha vizuri.

Waedo ni watu wa ufalme wa Benin, kusini mwa Nigeria, si ile nchi jirani yenye jina hilo. Februari 1897 askari wa Uingereza waliuteka mji wao, jumba la mfalme likaporwa na kuungua. Mfalme mwenyewe, Oba Ovonramwen (Oba ndilo jina la cheo chake), akapelekwa Calabar, akafia uhamishoni mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya shaba na pembe za ndovu vikatawanywa Ulaya na Marekani. British Museum, makumbusho makubwa ya hapa London, peke yake ina zaidi ya 900.

Bangili zenyewe si hizi nyembamba zinazolialia mkononi tulizozoea. Nyingi ni pana, zinafunika mkono kutoka kifundoni kwenda kwenye kiwiko, na fundi amezijaza vichwa vya Wareno wenye ndevu, kambare na mamba. Kambare ni alama ya mfalme, kwa sababu anamudu majini na nchi kavu. Wareno walifika Benin mwishoni mwa karne ya 15 wakileta manilla, vipande vya shaba vyenye umbo la bangili vilivyotumika kama fedha, hata kununulia watumwa. Utafiti uliochapishwa 2023 umeonyesha kwamba shaba nyingi ya manilla ilitoka bonde la mto Rhine, Ujerumani. Mafundi wa Igun, mtaa wa wafua shaba wa Benin, waliyeyusha manilla. Walichonga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakalichoma mpaka nta ikatoka, kisha wakamimina shaba mahali pake. Fedha iliyonunua watu ikageuka pambo la mfalme, na mimi sijaona kazi ya mikono inayobeba historia nzito kuliko hiyo.

Nazo zina kazi. Oba hucheza kwenye sherehe za jumba lake akiwa amebeba uzito wa shanga za marijani mwili mzima, huku akizungusha upanga wa heshima uitwao eben. Bangili za pembe humsaidia, zinazuia shanga zisinase mkono unapozunguka. Sasa niambieni, kioo na taa vitamwelezaje mtazamaji jambo hilo? Nimealikwa harusi za Waedo hapa London. Bibi harusi akiingia na shanga nyekundu kuanzia utosini, ukumbi mzima husimama, wazee huitikia "Ise!", yaani amina, na kila mtu anajua amevaa nini na kwa nini. Makumbusho ya huku hayana kelele hiyo.

Kwetu Lamu siwa (baragumu la sherehe) ya shaba na ile ya pembe ya Pate zimo ndani ya makumbusho ya mji. Nazo ziko nyuma ya kioo, sikatai. Lakini mtoto wa mitaa yetu ya Langoni au Mkomani huenda kwa miguu akaziona, na bibi yake akamweleza zilipulizwa katika sherehe za nani. Wenzetu Wapokomo wa mto Tana hawana bahati hiyo: ngoma yao Ngadji ilichukuliwa 1902, ikaingia British Museum 1908, na imekaa ghalani. Kuingia makumbusho hayo ni bure, naam, kwa mtu aliyekwisha kufika London. Mpokomo au Mwedo aliye kwao atatakiwa viza, taarifa za benki na alama za vidole kabla ya kuona mali ya babu zake.

Wapo wanaosema Wanigeria wenyewe hawaelewani nani ahifadhi vitu hivyo. Mwaka 2023 rais wa nchi alitangaza kwamba vinavyorudishwa ni vya Oba, na ubishi haujaisha. Mimi nauona ubishi huo kuwa wa wenye nyumba. Aliyechukua kwa bunduki hana kura hapo. Ujerumani imeanza kurudisha. Horniman, makumbusho madogo ya kusini mwa London, yalihamisha umiliki wa vitu 72 mwaka 2022. British Museum hujikinga na sheria ya 1963 inayozuia kutoa vitu vyake, kana kwamba Bunge lililoitunga haliwezi kuibadili.

Na tafadhali wasituletee dawa ya kuazima. Mwaka 2024 Waasante wa Ghana walipelekewa dhahabu yao wenyewe kwa mkopo wa miaka michache. Waedo wapewe hati ya umiliki kwanza. Baada ya hapo, kama London inazitaka bangili hizo kwa maonyesho, iandike barua kwa Oba Ewuare II, iombe kuazimwa, na ingoje jibu kama waombaji wengine.