Baba wawili kwenye faili moja

Meneja aliweka fomu mbili za ruhusa ya msiba juu ya meza, akazipanga sambamba. Moja ilikuwa imekaa miaka miwili masijala, nyingine ilijazwa wiki iliyotangulia. Zote zilikuwa za mtu mmoja, fundi wa mashine za kufungashia katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Kwenye nafasi ya "Uhusiano na marehemu" zote zilikuwa na neno lile lile, kwa mwandiko ule ule: Baba. Meneja akauliza kwa Kiingereza, mkuu wa kitengo akatafsiri: "Mtu ana baba wangapi?" Nilikuwa pembeni kama mwakilishi wa wafanyakazi, na swali hilo halijanitoka mpaka leo.

Fundi aliinamisha kichwa, akanyamaza. Meneja alitokea Ulaya na hakuwa ametimiza mwaka nchini. Kwake ukimya ule ulikuwa kukiri kosa. Mimi niliona mtu aliyelelewa kwamba mkubwa akikasirika humkodolei macho wala humkatishi maneno. Alipoinua uso alisema, "Yule wa kwanza ndiye aliyenizaa, bosi. Huyu ndiye aliyenilea."

Aliyefariki safari hii alikuwa baba yake mdogo.

Kosa lililoandikwa kwenye barua ya kumtaka ajieleze halikuwa kukosekana kazini, kwa sababu ruhusa alipewa. Lilikuwa udanganyifu, na hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007, kukosekana bila ruhusa ni kosa la kuachishwa kazi pale kunapozidi siku 5 za kazi. Kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa kunaweza kukuachisha kazi hata kama ni mara yako ya kwanza. Kwa hiyo swali la baba ni nani lilikuwa limebeba mkate wa mtu mwenye miaka 11 kazini.

Kwa Kiswahili kaka wa baba ni baba: mkubwa kama alimtangulia baba yako kuzaliwa, mdogo kama alimfuata. Watoto wake ni ndugu zako; binamu ni wa shangazi na mjomba. Mzazi akishatangulia mbele ya haki, baba mdogo ndiye anayepokea posa ya dada zako na kusema kwa niaba yenu kwenye kikao cha ukoo. Siku akifa yeye, mnakaa mkekani kama wafiwa. Hamwendi kama wageni wa kutoa pole na kuondoka. Mtu anayesema "nimefiwa na baba" katika hali hiyo hajakuza jambo. Amelitaja kama lilivyo nyumbani kwao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliandikwa kwa Kiingereza, na jamaa wake ni wa Kiingereza. Inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba mdogo hayumo. Mama mkubwa hayumo, wala shangazi, wala mjomba. (Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka likizo ya msiba kabisa, imeachwa kwenye mikataba na sera za waajiri.)

Siku hizo 4 nimezipigia hesabu mara nyingi. Watu wengi hudhani ni za kila mwaka, au za kila msiba. Sivyo. Mzunguko wa likizo ya namna hii ni miezi 36, na siku 4 ni jumla yake, ufiwe mara moja au mara tano. Ni siku 4 katika siku 1,095. Nyumbani kwa fundi yule ni Kagera, na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kwenda na kurudi peke yake kunakula nusu ya siku hizo au zaidi, kabla hujashika koleo makaburini na kabla ndugu hawajakaa kuanua matanga.

Tena alikwisha kuzimaliza zote 4 miaka miwili nyuma, alipomzika baba mzazi. Angeandika baba, baba mdogo au jirani, mshahara wa siku za msiba wa pili ungekatwa vile vile, na ulikatwa. Hakukuwa na hata shilingi moja ya kampuni aliyokuwa akiifukuzia. Alichotaka ni ruhusa ya kwenda kuzika.

Liko jambo jingine ambalo mameneja wengi wageni hawalioni, na hata baadhi yetu tuliokulia mjini tumeanza kulisahau. Kumtangaza mzazi aliye hai kuwa amekufa si uongo mwepesi kama kusema gari limeharibika njiani. Kwa watu wengi ni uchuro. Ni kumwita mauti kwa kinywa chako. Ndiyo maana unapomdai mfiwa kibali cha mazishi na barua ya serikali ya mtaa kabla hata hujampa pole, yeye husikia tusi, ingawa sheria inamruhusu mwajiri kudai uthibitisho wa kuridhisha. Aliyedai ameona karatasi tu. Aliyedaiwa ameona kwamba bosi wake anamdhania anaweza kumuua baba yake kwa mdomo.

Pamoja na hayo, kikao kile kilitoa jambo ambalo haliko upande wangu. Fundi alieleza kwamba karani wa utumishi alimwambia, "Andika baba tu, ukiandika baba mdogo itarudi." Kwa hiyo alijua. Alijua msomaji wa fomu atalielewa neno tofauti na yeye, akaliandika hivyo hivyo. Meneja alilishika hilo, na hakukosea kulishika. Ukweli wa neno hautoshi kama unajua linaposomwa litazaa picha nyingine.

Tulipotoka nilimfuata mkuu wa kitengo, Mtanzania mwenzetu, nikamuuliza kwa nini alitafsiri swali lile bila kumweleza meneja baba mdogo ni nani. Hakunikasirikia. Alinikumbusha kwamba mashine haikusimama. Kijana mwingine alifanya zamu mbili mbili siku tatu, na yeye hakuna aliyemwitia kikao cha kumshukuru. Wapo pia, alisema, ambao bibi yao amekwisha kufa mara tatu, na wote tunawajua kwa majina. Kisha akasema neno lililonizidi nguvu: "Nikianza kupima baba mdogo yupi ni baba, nitaanza na wa kijijini kwangu."

Hoja hiyo ni ya haki. Orodha fupi ya sheria ni baridi, lakini humlinda asiye na mtu ofisini. Mahali ambapo ruhusa hutoka kwa huruma ya bosi, huruma hiyo hutembea na kabila, dini, na nani alimchangia nani harusi. Anayezika siku hiyo hiyo na kurudi kazini siku ya nne naye hutazama, akajiuliza kwa nini mwenzake anakaa wiki mbili.

Hata hivyo, hoja hiyo inahusu nani apewe siku ngapi. Haihusu nani ni mwongo. Siku zenye malipo zimekwisha kufungwa kwenye 4, na hakuna idadi ya baba wadogo inayoweza kuziongeza. Zaidi ya hapo ni siku bila malipo, au mfanyakazi anatumia siku zake mwenyewe katika zile 28 za likizo ya mwaka. Kiwanda kingeweza kabisa kukataa ombi la pili kwa sababu ya uzalishaji, na fundi angeumia, lakini angebaki mtu mkweli aliyenyimwa ruhusa. Fomu ingeweza kuwa na mstari mmoja zaidi: marehemu alikuwa nani kwako, eleza. Badala yake karani aliyekuwa akijua baba mdogo ni nani alimfundisha mtu kulificha neno "mdogo", na mtu huyo ndiye aliyeitwa mbele ya kamati.

Hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi lenye neno "udanganyifu", akalisaini bila kubisha, akarudi kwenye mashine yake kabla ya saa ya chakula. Mwaka uliofuata alifiwa na mama mdogo. Hakumwambia mtu yeyote kiwandani. Aliomba siku 6 za likizo yake ya mwaka, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: shughuli binafsi.